Tuiite Eswatini

Tarehe 19 Aprili 2018, siku aliyotimiza miaka 50, Mfalme Mswati wa Tatu alitangaza kwamba nchi yake, Swaziland, itaitwa Eswatini. Hadi leo wapo waandishi wetu wanaoshikilia Swaziland, na wengine Uswazi. Naona majina hayo tuyaache, na hoja yangu ni ya lugha.

Swaziland lilikuwa jina la viraka viwili. Mwisho wake ni Kiingereza. Mwanzo wake hufuata matamshi ya Kizulu, kwani penye *z* ya Kizulu, aghalabu Kiswati huweka *t*. Wenyewe ni emaSwati, na Eswatini maana yake ni mahali pao. Mswahili asiyejua neno hata moja la Kiswati ataisikia humo *-ni* ya nyumbani, shambani na mjini. Ni ndugu wa Kibantu, wala hatuhitaji mkalimani.

Atasema msomaji: mbona twasema Ujerumani na Uholanzi bila kuomba idhini? Ni kweli, sheria ya nchi haitawali ulimi wa jirani. Lakini Ujerumani tumelivisha kiambishi chetu likawa letu. Swaziland tulilipokea kama lilivyoandikwa na mkoloni. Nalo Uswazi, mitaani Dar es Salaam, lina maana yake nyingine kabisa, ya mitaa ya walalahoi.

Nalikubali jina, ila siusifu utaratibu. Mfalme alitangaza bila kura ya wananchi, na wapo waliokwenda mahakamani kupinga. Kwetu, jina la Tanzania liliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1964, miezi michache baada ya Muungano. Jina la nchi ni mali ya wanaoitwa nalo. Kuwarudishia bila kuwauliza ni kuwatendea haki nusu. Hata hivyo, kasoro ya mtangazaji haifanyi neno liwe baya, na kung'ang'ania Swaziland hakumpi raia wa kule kura aliyonyimwa.

Washairi, kwenu kazi ni nyepesi: *E-swa-ti-ni*, mizani nne, kina cha *ni* ambacho hakijapata kumsumbua mtunzi yeyote. Wahariri nao wasiandike tena "Eswatini (zamani Swaziland)". Mabano hayo yalifaa mwaka wa kwanza. Sasa yatosha.