Msalaba wa Superman na Mimbari Yetu

Mwezi Juni 2013 baadhi ya wachungaji wa Marekani walipata mwaliko usio wa kawaida. Kampuni ya Warner Bros. ilikuwa inatoa filamu mpya ya Superman iitwayo Man of Steel, na iliwaita wahubiri waje kuiangalia bure. Haikuishia hapo. Kupitia Grace Hill Media, kampuni inayozitangaza filamu za Hollywood kwa Wakristo, iliwaandalia tovuti yenye vipande vya filamu vya kuonyesha kanisani pamoja na muhtasari wa mahubiri ya Jumapili, ulioandikwa na Craig Detweiler, profesa wa Chuo Kikuu cha Pepperdine. Kichwa cha mahubiri kilimwita Yesu shujaa wa asili, aliyewatangulia hawa wote. Mhubiri alibakiwa na kazi ya kupanda mimbarini na kusoma.

Aliyeyaandika mahubiri hayo hakuyatoa hewani. Mwenye macho ataona kwamba filamu yenyewe imejazwa alama zetu. Mtoto anatumwa na baba yake kutoka juu, analelewa kijijini na baba mlishi anayemwambia asubiri saa yake. Anafikisha miaka 33. Kabla ya kujitoa mikononi mwa adui anaingia kanisani kuongea na padre, na nyuma ya kichwa chake kuna dirisha la vioo vya rangi lenye Yesu akisali Getsemani. Baadaye anatoka kwenye chombo cha angani akielea, mikono ameinyoosha huku na huku, kama mtu aliyesulibiwa.

Wala hayo hayakuanza mwaka 2013. Katika filamu ya Superman ya mwaka 1978 baba tayari anamtuma mwana wake wa pekee kwa wanadamu. Lakini tukirudi kwenye chanzo tunakuta jambo la kushangaza kidogo. Superman alichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, na waliombuni ni vijana wawili Wayahudi wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mtoto anayewekwa kwenye chombo kidogo na wazazi wake ili aokoke na maangamizi, kisha akalelewa na watu wasio wa kwao, anafanana zaidi na Musa ndani ya kisafina mtoni kuliko Mtoto wa Bethlehemu. Msalaba alivalishwa baadaye, na waliomvalisha walikuwa na tiketi za kuuza.

Sisemi kwamba ni dhambi kuiangalia. Kanisa linafundisha kuwa mbegu za Neno hupatikana hata nje ya uzio wake, na mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikano ilitoa orodha ya filamu 45 ilizoona zinafaa kutazamwa. Padre anayetumia filamu kama mfano hafanyi jambo geni kuliko Bwana wetu aliyetumia chachu na nyavu. Tatizo langu liko kwenye ile karatasi ya mahubiri. Mfano akiuchagua mhubiri mwenyewe, baada ya kuketi na Injili ya Jumapili ile, ni mfano. Ukiandikwa kwa niaba ya mwenye bidhaa na kuletwa wiki ya mauzo, umekuwa tangazo la biashara lililovikwa stola.

Waseminari mtakumbuka kwamba tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati zake mbili za kwanza kwa siku moja: ile ya Liturujia na ile ya vyombo vya upashanaji habari, Inter Mirifica. Napenda kuziona pamoja. Hati ya vyombo vya habari inatuambia sinema ni kitu cha ajabu ambacho Kanisa halipaswi kukiogopa. Hati ya Liturujia inasema homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe. Basi homilia haikodishwi, kama vile altare isivyokodishwa. Na mwaka uleule wa 2013, mwezi Novemba, Papa Fransisko katika Evangelii Gaudium alionya kwamba homilia haiwezi kuwa burudani ya aina ile tunayoletewa na vyombo vya habari. Hakuitaja Hollywood, na hakuhitaji.

Zamani uhusiano ulikuwa wa namna nyingine. Papa Pio XI alipoandika Vigilanti Cura mwaka 1936 aliwasifu maaskofu wa Marekani ambao waamini wao walikuwa wakiweka ahadi ya kutoangalia filamu chafu, na wenye kampuni waliogopa hasara. Siku zile Kanisa liliogopwa kama watu wanaoweza kufunga mkoba. Siku hizi linabembelezwa kama watu wanaoweza kuufungua. Aliyefumbua macho ya wafanyabiashara ni Mel Gibson. The Passion of the Christ ilitoka Jumatano ya Majivu, tarehe 25 Februari 2004, baada ya kuonyeshwa kwanza kwa viongozi wa dini. Parokia na makanisa yalinunua tiketi za ukumbi mzima. Filamu iliyogharimu takribani dola milioni 30 iliingiza zaidi ya milioni 600. Tangu hapo kila mwenye filamu yenye msalaba, hata msalaba wa kubahatisha, anajua mlango wa kubisha.

Msomaji wa Kirua anaweza kusema: hayo ni ya Wamarekani, sisi hatuna hata jumba la sinema. Ni kweli. Anayetaka kumwona Superman huku anamwona kwenye simu, au kwenye kibanda umiza huko bondeni, mara nyingi kwa sauti ya mtafsiri anayeongezea vichekesho vyake mwenyewe. Ile tovuti ya wachungaji haikutufikia. Kilichotufikia ni filamu peke yake. Ukimuuliza kijana aliyeiangalia kama aliona dirisha la Getsemani, atakutazama tu. Ukimuuliza pambano la mwisho lilikwendaje, atasimama akuonyeshe kwa mikono. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko hoja nyingi: alama ile ilitaka mtu wa kuisemea, lakini ngumi zilijisemea zenyewe.

Hata hivyo turubai la sinema na watu wa dini wamejuana zamani katika nchi hii. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Baraza la Kimataifa la Wamisionari, la ndugu zetu Waprotestanti, lilisimamia jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilizungushwa Afrika Mashariki kwa lori, zikifundisha juu ya minyoo ya safura, kilimo, hata kulipa kodi. Baadaye wengi wetu tuliiona kwa Kiswahili, kwenye shuka jeupe uwanjani, ile filamu ya Yesu ya mwaka 1979 iliyopigwa Israeli kwa kufuata Injili ya Luka. Kwenye majumba ya sinema ilisambazwa na nani? Warner Bros. haohao. Silitaji hilo kama kosa. Filamu ile imewafikisha watu wengi kwenye Injili. Nataka tu tukumbuke kwamba aletaye turubai huwa na jambo lake, jema au la biashara, na paroko ana haki ya kumuuliza ni lipi kabla ya kumpa umeme.

Sasa tuingie ndani ya alama yenyewe. Mtoto mmoja wa darasa la Kipaimara huku kwetu alimuuliza katekista wake: kama Yesu alikuwa na nguvu kuliko wote, kwa nini hakushuka msalabani akawapiga? Watoto walicheka. Katekista hakucheka, na alifanya vizuri, kwa sababu swali hilo limo katika Injili. Waliouliza ni makuhani wakuu na waandishi pale Golgota (Mt 27:42), tena kwa dhihaka. Na kabla yao, Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu akamtaka ajirushe mbele ya watu, malaika wamdake (Mt 4:5-6). Ukitafuta katika Injili nzima mahali panapofanana kweli na filamu ya shujaa arukaye, ni hapo: juu ya hekalu, na mwenye kuandika hadithi ni mshawishi. Yesu alikataa kuicheza.

Superman anaicheza. Ananyoosha mikono kama msulibiwa kwa nukta chache, kisha anaikunja ngumi. Filamu inamalizika mji ukiwa magofu na shujaa akimvunja adui yake shingo. Naelewa kwamba hadithi ya ngumi inahitaji ngumi. Siidai iwe Njia ya Msalaba. Lakini anayesimama mimbarini akasema huyu ni mfano wa Kristo ana deni la kuwaeleza waamini mahali mfano unapokatika, na pale unapokatika ndipo wokovu wetu ulipo. Karatasi inayotoka kwa mwenye tiketi hailipi deni hilo kwa urahisi.

Sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kufundishwa na Hollywood maana ya alama. Wazee wetu walikuwa na isale, na baadhi ya familia bado wanayo. Aliyemkosea jirani akitaka kusamehewa huchukua jani la isale akampelekea. Jani lenyewe halina thamani sokoni. Limejaa mipakani mwa vihamba. Lakini likishapokelewa limewafunga wote wawili: aliyelileta amekiri kosa, aliyelipokea hawezi tena kulipiza kisasi bila kujiaibisha mbele ya ukoo. Alama ya kweli inakudai kitu. Sakramenti, ambazo ni zaidi ya alama, zinatudai maisha yetu. Mikono iliyonyooshwa ya Superman inadai nini kwa mtazamaji? Bei ya kuingia, na pengine subira mpaka filamu inayofuata.

Na wanaobisha mlango wa parokia zetu hawajavaa joho jekundu. Ni wauza viwanja, wauza dawa lishe, wakopeshaji wa fedha, na mwaka wa uchaguzi wanasiasa, wote wakiomba dakika mbili tu kwenye matangazo, wengine wakiwa tayari na mstari wa Biblia walioutafuta wenyewe. Ni njia ileile ya mwaka 2013 kwa bei ndogo. Frateri atakayezoea kupokea mahubiri yaliyokwisha kupikwa, hata kutoka mahali pazuri, hatakuwa na kauli ya kumkatalia mwenye dawa lishe, maana wote wawili wanaomba kitu kimoja: kuazima imani ambayo waamini wanayo kwa mtu anayesimama pale.

Kwa hiyo mimi ningeionyesha Man of Steel, lakini si ndani ya Misa, wala kipande chake kisiwekwe katikati ya homilia. Ningeionyesha kwenye ukumbi wa parokia Jumapili alasiri, kwa vijana, bila kiingilio, na mtu mzima aliyeiona kabla awepo. Ikiisha taa ziwashwe na watu wasiruhusiwe kuondoka upesi. Maswali yapo mengi, lakini moja ningeanza nalo. Pambano lile linaangusha maghorofa mengi yenye watu ndani. Huku kwetu akifa mtu mmoja, kazi za shamba zinasimama, jumuiya inakuja kusali, na hata asiyeelewana na marehemu anakuja kushika chepe. Vijana waulizwe ni nani katika filamu ile aliyewazika watu wa maghorofa, na shujaa alikuwa wapi siku hiyo.