Kofia ya Vito Haitaokolewa na Soko

Aghalabu panapofanyika sherehe za utamaduni kisiwani Lamu, wasemaji hupanda jukwaani na kutoa shauri lile lile: washonaji wa kofia watafutiwe masoko ili ufundi wa wazee usipotee. Nia yao ni njema, wala sina ugomvi na mtu auzaye kazi ya mikono yake. Hata hivyo, naona shauri hili limeshika mkia likaacha kichwa. Kofia ya vito haikuzaliwa sokoni. Ilizaliwa nyumbani, ikashonewa mtu anayejulikana kwa jina na kwa kipimo cha kichwa chake. Ikiwa itaishi, itaishi kwa njia hiyo.

Kwa faida ya wasomaji wa bara ambao huziona kofia hizi vichwani mwa watu tu, yafaa nieleze kidogo. Kofia ina sehemu mbili: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kisha hutobolewa vito, yaani vitundu vidogo mno, na kila kimoja huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka kingo zake zikakaza. Kofia moja yenye kazi nyingi huweza kumchukua fundi miezi kadhaa. Isitoshe, hii si kazi ya wanawake peke yao. Katika mitaa ya Mkomani na Langoni, wanaume pia hukaa barazani na kitambaa magotini, wakizungumza huku sindano ikienda.

Sasa tujiulize kazi hii ngumu ilifanywa kwa ajili ya nani. Mke alimshonea mume, mama alimshonea mwanawe anayeoa, na dada alimshonea kaka ili apate cha kuvaa siku ya Idi au wakati wa Maulidi ya Lamu, wageni wanapofurika kutoka pembe zote za pwani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na mkebe wa bati uliojaa nyuzi. Kila uzi ulikuwa kipimo cha kichwa cha mwanamume mmoja wa ukoo wetu, umefungwa fundo pale ulipokutana. Wajomba waliokwenda kutafuta kazi Mombasa walikuwa mbali na macho yake, lakini nyuzi zao zilibaki mkebeni, na kila mmoja alijua kwamba zamu yake ingefika. Hakuna aliyethubutu kuuliza kofia ile ingegharimu kiasi gani. Swali lenyewe lingekuwa utovu wa adabu.

Tuchukue hesabu ndogo ambayo mwalimu yeyote anaweza kuiandika ubaoni. Mshonaji akitenga saa tatu kila siku kwa siku 60, atakuwa ametumia saa 180. Wanafunzi na waulize bei ya kofia katika mji wao, kisha waigawe kwa 180. Jawabu litawaonyesha kwamba ni vigumu mno kwa sindano kushindana na kibarua cha kawaida, seuze na mashine ya ng'ambo inayotoa kofia nyingi kwa siku moja. Kwa hivyo, kijana akifundishwa kwamba sababu ya kushona ni pesa, ataifanya hesabu hiyo mwenyewe na kuiweka sindano chini. Wala hatutakuwa na haki ya kumlaumu, kwa sababu hesabu yake ni sahihi.

Historia ya visiwa vyetu inatuonya vivyo hivyo. Wareno waliofika Pate katika karne ya 16 waliziona na kuzisifu nguo za hariri zilizofumwa huko. Leo ufumaji ule umebaki katika vitabu vya historia. Siyu ulikuwa mji uliosifika kwa wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi, na wanafunzi wangapi leo wanalijua hilo? Hata kitambaa cha marekani kilipata jina lake kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, lakini biashara ile nayo ilipita. Soko huja na huenda kama pepo za kusi na kaskazi. Ufundi unaomngoja mnunuzi wa mbali huondoka siku mnunuzi anapopata kingine.

Shule nazo zina la kujifunza. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulisisitiza masomo ya vitendo, yakiwemo sanaa, kazi za mikono na sayansi kimu. Wazo lilikuwa jema. Lakini nakumbuka jinsi baadhi ya wazazi walivyokimbilia sokoni kununua vikapu na vitambaa vilivyokwisha kutengenezwa, watoto wakavipeleka shuleni kuwa kazi yao ili wapate alama. Si ajabu. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya alama hakina mwenyewe. Mtihani ukiisha, nacho kimekwisha. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia mwaka 2019, umeyarudishia masomo ya vitendo heshima yake. Tusiurudishe pamoja na makosa yale ya zamani.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni hili: kila mwanafunzi wa madarasa ya juu ashone kitu kimoja kwa mkono, na kabla hajatia uzi sindanoni aandike daftarini jina la mtu wa nyumbani atakayepewa. Kama kofia nzima ni ndefu kwake, na aanze na leso ya mkononi au mfuko wa msahafu. Fundi mzee wa mtaa aalikwe darasani, apewe kiti na heshima ya mwalimu. Kisha kazi isitiwe alama. Atakayeipima ni yule atakayeivaa.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kupoteza wakati wa hisabati. Mimi nafundisha hisabati, na nasema kinyume chake. Kichwa chenye mzingo wa sentimita 56 kinataka duara la juu lenye kipenyo cha karibu sentimita 18. Mwanafunzi asiyeamini na azidishe 18 kwa 22, kisha agawe kwa 7. Nakshi za ukanda nazo lazima ziugawe mzingo sawasawa, la sivyo ya mwisho itakatika kabla ya kuifikia ya kwanza. Fundi hukunja kitambaa cha duara mara tatu akapata sehemu nane zilizo sawa bila rula. Mtoto aliyekosea akalazimika kufumua ukanda mzima hataisahau kanuni ya mzingo maishani mwake.

Wapo pia watakaohofu kwamba tunawarudisha mabinti kwenye sindano wakati wenzao wanakwenda vyuo vikuu. Hofu hii ina msingi, na ndiyo maana nasema kazi hii iwe ya wasichana na wavulana kwa usawa, kama ilivyo barazani. Binti akimwona kaka yake akimshonea babu yao kofia, hataidhania sindano kuwa pingu.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kuta za mawe na milango ya nakshi zikapata walinzi. Lakini hakuna orodha inayoweza kuulinda ufundi ulio katika vidole vya watu. Huo hulindwa na mtu mmoja anayeamua kumpa mwenzake miezi miwili ya maisha yake, bila kudai malipo. Wauzaji na waendelee kuuza, na Mungu awabariki. Sisi walimu tuwafundishe watoto kutoa kwanza. Ada ya mja hunena. Muungwana ni kitendo.