Nani Kasema Kamba ya Nguo Haina Riwaya?

Mwenzetu mmoja, jina lake nalisitiri kwa kuwa bado tunachangia naye chai na maandazi, alikifunga kitabu kwa kishindo akasema: "Hii nayo ni sanaa? Uskoti nchi nzima ina milima, ina ngome za wafalme, ina maziwa ya kukata roho, halafu huyu bwana kaenda kupiga picha watoto wenye kamasi na nguo zilizoanikwa!" Kikundi kizima kikaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilitaka kumjibu palepale, lakini mnanijua, ulimi wangu hugoma mbele za watu. Najibu hapa kwa kalamu, na asiyeridhika aandike toleo lijalo.

Kitabu chenyewe, kwa ambao hamkuwepo siku kilipotoka kwenye kapu la vitabu vya mitumba, kinaitwa Shades of Grey, na kilichapishwa mwaka 1987. Picha ni za Oscar Marzaroli, Mtaliano kwa kuzaliwa, mwaka 1933, aliyepelekwa Uskoti angali mdogo kabisa na kufa mwaka 1988, mara tu baada ya kitabu kutoka. Ni picha za jiji la Glasgow, jiji la viwanda na merikebu kando ya mto Clyde, kuanzia 1956 hadi 1987, nyeusi na nyeupe. Na maneno ya kitabu (sikilizeni hapa, enyi mnaojiita waandishi wa riwaya!) yaliandikwa na William McIlvanney, mwandishi wa riwaya, mtoto wa mchimba makaa ya mawe. Huyo hakuona haya kuketi chini ya kamba ya nguo akaandika.

Hebu chukueni picha moja tu ya Marzaroli. Mwaka ni 1963, mtaa ni Gorbals, kusini mwa mto. Watoto watatu wa kiume wako barabarani, na miguuni wamevaa viatu vya mchuchumio vya kina mama zao. Basi. Hakuna jingine. Hakuna mfalme wala ngome. Lakini mimi nilipoiona nilisahau chai ikapoa. Mama yuko wapi? Yuko kazini, au kalala baada ya zamu ya usiku? Viatu vile ni vya dansi ya Jumamosi au ndivyo pekee alivyo navyo? Kisigino kikikatika, nani atachapwa, na nani atamsingizia mwenzake? Nileteeni postikadi ya ngome yenye maswali mengi hivyo, nitaacha uandishi nikauze karanga.

Tena tazameni yaliyoizunguka picha ile. Gorbals ya miaka hiyo ilikuwa inabomolewa. Majengo ya mawe ya tangu karne ya 19, familia nzima ndani ya chumba kimoja au viwili, choo cha kushirikiana, yalikuwa yanaangushwa mtaa baada ya mtaa, na badala yake yakaja maghorofa marefu ya zege. Msanifu mashuhuri, Sir Basil Spence, ndiye aliyechora yale yaliyoitwa Hutchesontown C, yaliyokamilika mwaka 1965. Aliyawekea mabaraza makubwa huko juu angani, na inasimuliwa kwamba aliwaambia wakubwa wa jiji kuwa siku ya kufua, nguo zote zikiwa nje, jengo litafanana na merikebu iliyotandaza matanga. Mnasikia jamani? Hata mtu mwenye cheo cha Sir aliona ushairi katika nguo zilizoanikwa, isipokuwa mshikaji wetu wa maandazi!

Bahati mbaya ushairi haukaushi ukuta. Unyevunyevu ukaingia, ukungu ukaota, wapangaji wakalalamika mwaka nenda mwaka rudi, na Septemba 1993 majengo yale yakalipuliwa. Siku hiyo mwanamke mmoja aliyesimama kutazama aliuawa na kifusi. Hesabuni wenyewe. Nyumba ya zamani ilikufa. Nyumba mpya iliyokuja kuizika nayo ikafa kabla ya kufikisha miaka 30. Kilichobaki ni karatasi yenye watoto watatu na viatu vya mama. Na si karatasi peke yake: mwaka 2008 mchongaji Liz Peden aliwageuza watoto hao kuwa sanamu, wakasimamishwa hukohuko Gorbals. Jiji lililompandisha mwandishi Walter Scott juu ya mnara wa futi 80 pale George Square, mwaka 1837, limewapa nao watoto wa mchuchumio mahali pao, chini, usawa wa mpita njia.

Sasa najua hoja ya pili inakuja, maana ilinong'onwa siku ileile: kwamba picha za namna hii zinawaaibisha maskini, mpiga picha anakwenda uswahilini, anachukua sura za watu, anaondoka zake na sifa. Hoja hii siidharau. Ina mifupa. Nitawapeni mimi mwenyewe ushahidi wa kuitetea, msije mkasema naficha.

Mwaka 1866 Glasgow ilipata sheria ya kuboresha jiji, ikaundwa taasisi ya kununua na kubomoa vichochoro vya zamani karibu na High Street na Saltmarket. Kabla nyundo haijashuka, akatumwa mpiga picha Thomas Annan, akafanya kazi kati ya 1868 na 1871. Njia nyembamba kama koo la kuku, mawe yaliyolowa, nguo zikining'inia juu kwenye miti, mwanga ukiingia kama mwizi. Alitumia vioo vilivyopakwa dawa, navyo vilihitaji muda kuona gizani, kwa hiyo aliyetikisika kidogo amebaki kama moshi. Ni picha nzuri mno. Lakini someni vichwa vyake: Kichochoro Na. 118, High Street. Kichochoro kina namba yake. Watu waliosimama humo hawana jina. Waliomtuma Annan walitaka kumbukumbu ya mawe watakayoyaangusha, si ya mama aliyefua.

Na Annan huyohuyo, mwaka 1864, alimpiga picha David Livingstone. Naam, yule wa Ujiji, yule tuliyemkariri darasani pamoja na Stanley na mwaka 1871 mpaka tukaota. Huyo jina lake lipo, tena kwa herufi kubwa. Lakini nani kati yetu alifundishwa kwamba Livingstone alizaliwa mwaka 1813 huko Blantyre, karibu na Glasgow, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, familia yote ikibanana chumba kimoja, na kwamba akiwa na miaka 10 alikuwa kibarua kiwandani? Mimi nimemaliza shule ya sekondari bila kuambiwa. Tulipewa mgunduzi mwenye kofia, tukanyimwa mtoto wa chumba kimoja. Tungekijua kile chumba, nafikiri tungewatazama kwa jicho jingine wale waliokuja kututazama sisi. Ndiyo maana nasema mnaocheka picha za kawaida hamjui mnachokicheka. Aliyetuficha chumba cha Blantyre na anayedharau kamba ya nguo ya Gorbals ni ndugu, baba mmoja mama mmoja.

Kwa hiyo si kila picha ya mtaani ni ya haki. Inategemea nani kamtuma mpiga picha, na kasimama wapi. Januari 1948 jarida la London, Picture Post, lilitoa makala kuhusu Gorbals. Kwanza walimtuma Bill Brandt, bingwa wa giza na vivuli. Picha zake zikaonekana zimepoa mno, akafuata Bert Hardy, ambaye mwenyewe alikulia katika familia maskini ya London. Hardy akarudi na vitoto viwili vimeshikana mikono, vinatembea kwa madaha kama vina hisa katika benki. Mtaa ni uleule, na umaskini ni uleule. Mmoja aliona majengo, mwingine akaona wapangaji. Mimi niko upande wa Hardy, ingawa nakiri picha za Brandt ndizo ningezitundika ukutani. Na msidhani wahariri wa baadaye walikuwa na moyo mpana zaidi: mwaka 1980 Mfaransa Raymond Depardon alitumwa Glasgow na gazeti la Sunday Times, akaleta picha za rangi za watoto, walevi na mvua. Gazeti halikuzitumia. Zimekuja kuwa kitabu mwaka 2016, miaka 36 baadaye!

"Sawa," atasema mwenzetu, "mjini nimekubali, lakini shamba je? Huko milimani si uzuri mtupu?" Ngoja nimpeleke huko. Kaskazini ya Glasgow kuna ziwa wanaloliita Loch Katrine. Walter Scott, yule wa mnara, alilitungia utenzi wake wa mwaka 1810, The Lady of the Lake, na watalii wakamiminika. Baadaye ikashushwa majini hata meli ya mvuke yenye jina lake. Postikadi zake mnazijua: maji yametulia, mlima, ukungu, hakuna mtu.

Sasa niulizeni maji yale yanakwenda wapi. Yanakwenda jikoni Glasgow. Mwaka 1848 na 1849 kipindupindu kiliua watu kwa maelfu katika jiji lile, kikarudi tena miaka ya 1850, mpaka wakubwa wakakubali kutoboa milima, wakachimba mahandaki na kulaza mabomba zaidi ya kilomita 40. Oktoba 1859 Malkia Victoria akaenda kuyafungulia maji. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, Glasgow haikuzikana kama zamani. Hadi leo wanakunywa maji ya ziwa hilo. Na nani alipiga picha kazi zile za maji? Thomas Annan, tena yeye. Kwa hiyo ziwa ni moja, picha mbili. Ya kwanza ina binti wa utenzi na ukungu. Ya pili ina mitaro na mawe yaliyokatwa na mikono ya vibarua, na mwisho wa bomba kuna mama wa Gorbals anafua. Ile kamba ya nguo inaanzia ziwani, bwana! Postikadi imeikata katikati, ndiyo maana inaonekana nzuri.

Karibu na mji zaidi, huko Carbeth, wafanyakazi wa Glasgow walianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza kujijengea vibanda vya mbao vya kupumzikia. Machi 1941, mabomu ya Wajerumani yalipoiangukia Clydebank, vibanda hivyo vikawa makimbilio. Mwaka 2013 wenye vibanda wakainunua ardhi yenyewe. Mabati, kuni, birika, viatu vyenye tope mlangoni: hayo nayo ni mandhari ya Uskoti, ila hayauzwi kwenye mikebe ya biskuti.

Kwa nini nawaka hivi? Kwa sababu nami ni mkosaji. Mswada wangu wa kwanza ulianzia katika jumba lenye bwawa la kuogelea. Sijawahi kuingia katika jumba lenye bwawa la kuogelea. Niliandika kurasa 90 za mazulia na Benzi nyeusi, na nyuma ya ukuta wangu wakati ule walikuwepo watu wanagombania zamu ya bomba, kila alfajiri, kwa lugha tamu kuliko yote niliyoiandika. Niliwaona kero, wananipotezea mawazo.

Glasgow pia waliambiwa lugha yao si ya vitabuni. James Kelman, aliyezaliwa huko 1946, akaacha shule akiwa na miaka 15, akafanya hata kazi ya mabasi, aliandika riwaya nzima kwa lafudhi ya mtaani. Ilipopata tuzo ya Booker mwaka 1994, mmoja wa majaji alijitokeza hadharani kuulaani uamuzi ule. Tuzo haikurudishwa.

Mswada wa bwawa nimewapa jirani wafungie vitumbua. Kitabu cha Marzaroli kiko kwangu, hakitoki bure. Anayekitaka aje Jumamosi na ukurasa mmoja kuhusu kiatu kimoja alichokiona mtaani kwake, akitaja ni cha nani. Na wewe wa maandazi, njoo wa kwanza. Najua kandambili ya mama yako imeshonwa kwa uzi mwekundu.