Hakuna Msanii Asiyefuta

Kuna uongo unaonikera kila nikikaa na watu wa sanaa Nairobi: eti msanii wa kweli huzaliwa na kipaji, kazi yake inatoka mara moja, safi. Ukirudia mara ya nne, wanasema unajilazimisha. Wacha niwapeleke kwa eksirei.

Mwaka 2008, watafiti walipeleka Hamburg mchoro wa Vincent van Gogh uitwao Patch of Grass, alioupaka mwaka 1887. Juu unaona nyasi tu. Walipoupiga mionzi mikali, madini ya rangi za chini yakajitaja: zebaki ya wekundu, antimoni ya umanjano. Ukatokea uso wa mwanamke wa kijijini. Siri imefichuka, dunia ikashangilia. Siri gani? Van Gogh alikuwa akitegemea pesa za mdogo wake, Theo, na turubai hazikuwa za bure. Alipaka juu ya kazi ya zamani. Hiyo siyo siri, ni bajeti!

Hata ushahidi ukiwa wazi, bado tunaabudu kipaji. Rangi nyeupe ya zamani ilikuwa na risasi, ambayo huzuia mionzi kama mfupa. Ndiyo maana mwaka 1979 eksirei ilionyesha Kupido aliyefunikwa ukutani, nyuma ya msichana wa Vermeer anayesoma barua dirishani. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini Vermeer mwenyewe ndiye aliyemfunika. Kumbe wapi! Uchunguzi wa baadaye ulionyesha alifunikwa na mkono mwingine, Vermeer akiwa ameshakufa. Mwaka 2021 mchoro ulirudi kuonyeshwa Dresden, Kupido akiwa wazi. Ukuta ule mtupu uliosifiwa haukuwa wake.

Mnaona hasara ya kutazama juu tu? Kazi ya mtu inapotea, ya mwingine inapewa sifa. Na hasara hiyo iko hapa kwetu. Kijana anaacha kuandika kwa sababu rasimu ya kwanza ni mbaya. Mteja anamwambia mchoraji, "Si ni kuchora tu? Hiyo ni dakika tano," halafu anataka marekebisho sita kwa bei ileile.

Mimi nasema ufutaji ni kazi, na kazi hulipwa. Mteja akiona uso mmoja, mtajie na zile zilizo chini yake, kisha umpe bei.