Ushahidi wa Nyani

Iko hoja moja ipendwayo sana na watu watakao mwanamke akae chini ya mkono wa mwanamume. Haiji na kitabu cha dini wala sheria ya nchi. Huja na mnyama. Husemwa katika midahalo ya wanafunzi, husemwa barazani, na ni nadra kukosa mtu wa kuiitikia kwa kicheko: tazameni nyani, dume ndiye mtawala, jike hufuata au hupigwa, hayo ndiyo maumbile, na maumbile hayabishiwi. Mimi nabisha. Sibishi kwa kumhurumia mwanamke, maana huruma si dalili katika elimu. Nabisha kwa kuwa shahidi aliyeitwa hakusema maneno hayo, na pale alipoyasema alikuwa kifungoni.

Kifungo chenyewe chajulikana. Mwaka 1925 bustani ya wanyama ya London ilitia katika kilima cha mawe nyani wapatao mia moja wa aina iitwayo hamadrayasi, wenye manyoya marefu mabegani mithili ya joho, wenyeji wa Ethiopia, Somalia na milima ya Yemen. Ilikusudiwa wawe madume watupu, lakini majike wachache walichanganyika nao kwa makosa. Mwaka 1927 wakaongezwa majike 30. Yaliyofuata yalikuwa machinjo. Katika miaka ile walikufa majike 33, na 30 miongoni mwao waliuawa katika mapigano ya madume waliokuwa wakiwagombea. Solly Zuckerman, aliyeyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1932, alikuwa mwanazuoni hodari, na hesabu yake siipunguzi hata moja. Lakini alihitimisha kwamba kamba ifungayo jamii ya nyani ni tamaa ya mwili na nguvu za dume, na hitimisho hilo likatembea duniani kuliko maelezo ya kilima lilikozaliwa.

Tulipime kwa mfano. Chukua watu mia wasiojuana, karibu wote wanaume, uwafungie katika ua usio na mlango, kisha uwatupie wanawake thelathini wasio na mama, dada wala shangazi humo ndani. Damu itakapomwagika, utaandika kitabu juu ya ndoa? Utaandika kitabu juu ya magereza, nacho huenda kikawa kitabu kizuri.

Hans Kummer alikwenda Ethiopia mwaka 1960 kumtazama mnyama yule yule kwake. Aliona dume mmoja na majike wake wachache, nyumba kadhaa za namna hiyo zikifanya ukoo, koo zikifanya kundi, na usiku mamia wakilala pamoja majabalini pasipo machinjo ya London. Sitaki kumpaka dume huyu asali. Jike wake akijitenga hatua chache humfuata na kumuuma shingoni mpaka arudi, na kama wapinzani wangu wanatafuta mnyama wa kuwatetea, ni huyu. Hata hivyo, wasisahau mambo mawili. Dume mwingine akishatambua kuwa jike yule ana wake, kwa kawaida hamgusi, hata akiwa na nguvu za kumnyang'anya. Tena Kummer na mwenzake walionyesha mwaka 1980 kwamba mpinzani humtazama jike kwanza: akiona hampendi sana dume aliye naye, huthubutu zaidi kumtwaa. Basi hata katika jamii iliyo kali kuliko zote za nyani, hiari ya jike imo katika hesabu ya madume.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi watoka Kenya. Katika miaka ya 1970 Barbara Smuts alifuatana kwa miguu na kundi la nyani wa nyika karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa, akatoa kitabu mwaka 1985. Nyani hawa hawana nyumba za dume mmoja. Madume wengi na majike wengi huishi pamoja. Majike hubaki katika kundi walikozaliwa, na madume ndio wahamao. Humo Smuts aliona kwamba karibu kila jike alikuwa na dume mmoja au wawili aliowazoea kuliko wengine wote. Walikula jirani, walichambuana manyoya, walilala karibu. Tena mazoea hayo hayakwisha siku za joto zilipopita; yalionekana hasa jike alipokuwa na mimba au akinyonyesha, wakati ambao dume hana tendo la kutarajia. Smuts akayaita kwa jina lake: urafiki.

Dume mgeni aliyetaka kupokewa kundini hakutegemea meno tu. Alimkaribia jike mmoja, akaketi mbali kidogo, akatikisa midomo, akaguna kwa upole. Jike akichukizwa, yeye huondoka, na kesho akarudi. Shughuli hiyo iliweza kuchukua majuma mengi. Wanaotuambia kwamba dume wa nyani hutwaa bila kuomba wangefaa kuketi majabalini pale wakahesabu siku za subira yake. Smuts hakuficha kwamba madume huwashambulia majike na kuwajeruhi. Aliongeza tu jambo ambalo barazani huachwa: anayekuja kumkinga jike na mtoto wake, aghalabu ni rafiki.

Kwa nini urafiki huo uliota katika mageuzi ya viumbe hawa? Jibu moja lapatikana Moremi, katika delta ya Okavango nchini Botswana, nalo si jibu la kupendeza. Dume mgeni ashikapo ukubwa wa kundi huko, huweza kuua watoto wachanga wasio wake, kwa maana mama aliyefiwa huacha kunyonyesha, akawa tayari kushika mimba upesi. Mwaka 1997 Ryne Palombit, Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walieleza jaribio lao. Walificha kipaza sauti kichakani, wakatoa kilio cha mama kilichonaswa kwenye kinasa sauti. Dume rafiki yake alishtuka na kutazama kuliko madume wengine. Mtoto alipokuwa amekufa, kilio cha mama yule yule hakikumshughulisha tena.

Hapa wapinzani wangu watafurahi: kumbe si mapenzi, ni ulinzi wa mtoto! Nami sikudai kuwa ni mapenzi. Nilidai kwamba kifungo kati ya dume na jike mwituni si pingu ya mshindi mkononi mwa mtekwa, na jaribio la Moremi lanipa haki. Jike ana hatari mbele yake; hujitafutia mlinzi, hukaa karibu naye, humlipa kwa kumchambua manyoya. Dume naye ana faida yake. Huko Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako nyani wamefuatiliwa mfululizo tangu mwaka 1971, uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba dume huwatetea watoto wake mwenyewe katika ugomvi kuliko watoto wa wengine, ingawa majike wa kundi hupandwa na madume kadhaa. Mwaka 2020 ukaja uchunguzi wa huko huko uliojumlisha miaka 35 ya kumbukumbu: dume mwenye mazoea ya karibu na majike huishi muda mrefu kuliko dume mpweke.

Nami nawauliza wanaomfanya nyani kuwa mwalimu wa ndoa: somo la Moremi la kuua watoto wa kambo mmelipokea pia, au mlikuwa nje siku hiyo? Ajabu ya watu hawa ni kwamba neno nyani kwao ni tusi siku zote sita za juma, na siku ya saba wamfanya kadhi.

Iko dalili moja yenye nguvu upande wao, nami sitaingoja waitaje. Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, sokwe madume huwapiga majike, na uchunguzi wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba waliozoea kuwashambulia hupata watoto wengi zaidi. Hiyo ni kweli chungu, na anayeificha hafai kuitwa mwanafunzi. Lakini vuka Mto Kongo uende kusini yake. Huko wako bonobo, walio ndugu zetu kwa kadiri ile ile ya sokwe. Kwao majike, ingawa aghalabu wametoka makundi mbalimbali, huungana. Dume akimchokoza mmoja hufukuzwa na wengi. Ndugu wawili sawa kwa ukaribu, na shahada mbili zinazopingana. Wako pia wanaomchukua bonobo na kumfanya mtume wa amani kwa binadamu. Kosa lao ni lile lile, wamebadili mnyama tu.

Wanazuoni wenyewe hawajapatana juu ya chanzo. Mwaka 2013 zilitoka makala mbili juu ya asili ya dume kukaa na jike mmoja: moja, iliyohusu jamii ya nyani na kima, ikasema chanzo ni hatari ya kuuawa wachanga, ya pili, iliyohusu wanyonyeshao wote, ikasema ni majike kukaa mbalimbali hata dume asiweze kulinda zaidi ya mmoja. Waliotumia maisha yao katika kazi hii bado wanashindana, na mtu wa barazani ameshatoa hukumu.

Namalizia na Senegal, kwa sababu ndiko hoja ya maumbile inakopata taabu kubwa. Katika mbuga ya Niokolo-Koba wako nyani wa Guinea, jamaa wa karibu wa hamadrayasi. Wana mpango ule ule wa nyumba ndani ya koo na koo ndani ya kundi, na dume mmoja na majike wake. Atazamaye kwa mbali angedhani ameona jamii moja. Lakini humo dume hamchungi jike kwa meno shingoni. Jike akimchoka aliye naye huhamia kwa mwingine, pengine hata katika kundi jingine, na ni nadra dume aliyeachwa kumzuia kwa nguvu.