MBONA ANAKUFA WA KWAKO TU?

Leo mapenzi na mavazi tunayaweka pembeni, tunaongea ng'ombe. Wewe usifunue ukurasa, tulia hapo hapo! Najua wengi mnaosoma hapa, kuanzia Sinza mpaka Mbagala, mna mifugo kijijini. Mshikaji unamkuta kijiweni kapiga jinzi safi, ukimgusia maendeleo anajibu kwa mapozi, "Aah, mimi nina ng'ombe wangu watatu Kongwa, wako kwa braza." Hajawaona tangu atume hela ya kuwanunua. Hao ni ng'ombe wa kwenye simu.

Sasa kasheshe ni siku simu hiyo inapolia usiku. "Dogo, pole sana, yule mwekundu wako katutoka." Mwaka jana alitutoka yule wa mabaka. Na wa braza mwenyewe je? Wazima, wanang'aa, wanazaa. Hapo watu wananuna, Krismasi hawaendi nyumbani, na mama anabaki katikati hajui amshike nani.

Mabraza wanaouza ng'ombe halafu wakalia msiba wapo, tusidanganyane. Lakini mara nyingi ng'ombe wako kafa kweli, na kafa wa kwako kwa sababu moja ya kijinga kabisa: wewe ulituma laki za kununua, hukutuma hata buku la dawa. Braza ana wake wanne, dawa aliyonunua inatosha wanne. Wa kwako anasubiri bosi wa mjini.

Muuaji mkubwa anaitwa ndigana kali. Inaletwa na kupe. Mnyama anapata homa, tezi za chini ya masikio zinavimba, anahema kwa shida, mwisho povu linamtoka puani, na ndani ya wiki mbili tatu kwisha habari. Ndama ndio inawapiga zaidi. Dawa ya kupe ni kuogesha au kunyunyizia kila wiki, siyo siku braza akikumbuka. Chanjo yake pia ipo, anachomwa mara moja tu maishani.

Halafu njaa. Kongwa ni Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi. Waingereza walivamia pale mwaka 1947 na matrekta yao wakitaka kulima karanga za dunia nzima, ilipofika 1951 mradi ukafa, na ukame ulikuwa na mkono wake. Ardhi ile ikaja kuwa ranchi. Ndiyo ujue pale ni pa mifugo, ila ikifika Septemba, Oktoba, nyasi zimekwisha na ng'ombe mbavu nje. Mwenye akili anauza mmoja mapema akiwa bado amenona, hela ile inanunua marobota ya majani makavu ya kuwavusha waliobaki. Wewe ukiambiwa uuze mmoja unakuja juu, "Ng'ombe wangu haguswi!" Basi haguswi, anakufa mwenyewe.

Na hili la nyama naomba mnisikie vizuri. Ukiambiwa "kafa ghafla, damu inamtoka puani na nyuma, tumemchuna tunagawana," usiulize mguu wako uko wapi. Piga simu haraka wasile! Hiyo inaweza kuwa kimeta, na kimeta inaua watu pia. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi, anaitwa mtaalamu na unafukiwa chini kabisa.

Mtaalamu mwenyewe ni afisa mifugo wa kata. Wangapi hapa mna namba yake? Namba ya mtengeneza kucha mnayo! Kongwa mna bahati kuliko wengine, kuna kituo cha TALIRI, Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, na kazi yao ni malisho na mbuzi. Hao wanajua nyasi zipi zinavumilia jua la kule. Braza aende akaulize, kuuliza ni bure.

Tena mwaka 2025 serikali ilizindua kule Simiyu kampeni ya miaka mitano ya kuchanja na kutambua mifugo. Ng'ombe anachanjwa homa ya mapafu kwa shilingi 500, mbuzi na kondoo wanachanjwa sotoka kwa 300, kuku bure. Hiyo mia tano hata soda huipati, bwana wee.

Na kuna hereni. Siyo za masista du, hizi za kielektroniki zenye namba, anavalishwa ng'ombe sikioni. Hapa ndipo wa mjini mnapookoka. Mwambie braza kwa heshima, bila kumtuhumu, "Kaka, naomba unitumie namba za hereni za wangu." Andika kwenye daftari. Siku akisema mwekundu katutoka, mpe pole, kisha muombe akutunzie hereni yake. Nyama italiwa, lakini plastiki haitafuniki.

Ila kabla ya kuomba namba, mtumie ya dawa kwanza. Hata elfu kumi. Utaona na sauti yake kwenye simu inavyobadilika.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya mapenzi. Kuna dada wa Kinondoni kaniandikia barua, mchumba wake kapeleka mahari ya mbuzi wa kukodi!