Kijahazi cha Watu Wawili

Kama kila wikiendi wewe na mwenzio mnaishia kwenye kochi, kila mtu na simu yake, mwezi huu nimekuletea dawa. Haina kiingilio wala haihitaji nguo mpya. Ni kuunda jahazi la mfano, la mbao, mezani kwenu, mkiwa wawili.

Najua utasema, "Mimi na useremala wapi na wapi?" Hata sisi hatukuwa mafundi. Mwenzangu alipopunguzwa kazini, jioni zetu ziliingia ubaridi. Mimi narudi na stresi za ofisini, yeye anaogopa swali la "vipi, umepata?" Siku moja alianza kuchonga, akaniomba nimshikie ubao mpaka gundi ikamate. Dakika kumi za kushika ubao ni nyingi, mtu lazima aseme kitu. Tukaanza kuzungumza tena. Haya, siri zenyewe ndizo hizi.

Kipimo kwanza

Chagueni kipimo na msikiache njiani. Kipimo cha 1 kwa 30 kinafaa sana kwa mezani: jahazi la mita 15 linakuwa la sentimita 50. Ila kila kitu kifuate hapo hapo, kuanzia mlingoti na usukani mpaka unene wa kamba. Baharia wa mita 1.70 kwa kipimo hicho hafiki hata sentimita 6. Ukimfungia kamba nene kama ya kuanikia nguo, sura yote imeharibika.

Mkuku na mataruma

Chora umbo kwenye karatasi, ligandishe kwenye plaiwudi ya milimita 4, halafu kata mkuku na mataruma kwa msumeno mwembamba. Kila taruma lisimame wima, pembe mraba na mkuku. Kisha piga msasa kingo za mataruma ya omo na tezi mpaka ziwe mshazari, ili ubao ulale bapa juu yake badala ya kugusa ncha tu. Wengi huruka hatua hii, wakajikuta na jahazi lenye mabonde.

Mbao za ubavuni

Tumia vipande vyembamba, unene wa milimita moja na nusu hivi. Viloweke kwenye maji ya moto kama nusu saa, uvikunje taratibu, uvibane na vibanio vya nguo mpaka vikauke. Gundi baadaye. Kwa kuwa jahazi ni nene katikati na jembamba kwenye ncha, kila ubao upunguzwe upana kuelekea omo na tezi. Usiulazimishe ubao upinde kwa ubavu, utakukatalia.

Sasa sikiliza hili vizuri. Ukibandika ubao mmoja kulia, unaofuata bandika kushoto. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, mbao zinauvuta mkuku, unapinda, na hakuna msasa wa kuunyoosha. Kwetu yeye alikuwa kulia, mimi kushoto. Yeye ndiye aliyekuwa na mchana kutwa, na angeweza kumaliza peke yake kabla ya Ijumaa. Lakini zamu yangu ikifika, alinisubiri nirudi kazini. Zipo siku nilirudi saa mbili usiku nikakuta ubao wangu umelowekwa, kibanio kiko tayari, na yeye hajaugusa upande wangu. Jamani, kuna maua mangapi yangenieleza hivyo?

Kumalizia

Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Iliyovuja ifute hapo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, maana ikikauka, vanishi haitaingia na utabaki na madoa. Msasa anza na 120, kisha 240, malizia na 400, ukifuata nyuzi za mti siku zote. Kamba zipitishe kwenye nta ya nyuki, vinyweleo vyote vitalala. Tanga la pamba lichovye kwenye chai ya rangi ili lipoteze weupe wa dukani. Yetu tuliishona Jumapili moja, wiki aliyopata kazi. Nilidhani angeacha. Alikuja na sindano mbili.

Usidhani ni mchezo wa watoto

Mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari, chenye tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne iliyopita. Vielelezo vidogo vya mbao, kama vile vya makumbusho ya Lamu, ni sehemu ya kinachotuonyesha ulivyokuwa. Mwaka 2003 mafundi wa Zanzibar waliunda mtepe wa ukubwa halisi, ukawekwa Beit-el-Ajaib. Kwa hiyo kijahazi chako kikiundwa kwa kipimo, kinaweza kuja kumfundisha mtu baada ya wewe kuondoka.

Anzeni na mashua ndogo, saa moja kila Jumamosi, simu ziwe chumbani. Mkikosana, wekeni visu chini kwanza. Na kabla ya kupaka gundi, amueni nani atakaa kulia.

Tukutane mwezi ujao.